Niliwapulizia dawa majimoto wa mwembeni, sasa nawatafuta kwa kamba ya katani

#1 Mnazi Mkinda

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka arudi jioni na kahawa yake.

Niko Tanga, shamba dogo la urithi njia ya Pangani. Minazi 11, miembe miwili, mchungwa mmoja mzee, na uani kibustani cha bamia na mchicha cha mama watoto. Miaka miwili iliyopita majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, walijaa kwenye mwembe wa mbele. Kila mgeni akiketi kivulini anaondoka anajikuna shingo. Watoto walifunga bembea pale, hawakubembea hata wiki. Nikamwita kijana mwenye bomba la dawa. Akapuliza mwembe, halafu akapuliza na minazi minne ya karibu kwa kuwa dawa ilibaki. Kesho yake chini pamejaa maiti wekundu. Nilifurahi, nikamlipa, nikamwongezea na nauli.

Msimu uliofuata vidaka, yaani nazi changa, vikaanza kudondoka. Sisemi viwili vitatu, kila mnazi hupukutisha kidogo. Nasema unaamka asubuhi unafagia vidaka kwa ufagio wa chelewa kama takataka. Vilivyonusurika vikafika udafu vina makovu na utomvu ulioganda, vidogo, vimepinda upande. Nikadhani ukame. Nikadhani mbolea. Nikadhani (msinicheke) jicho la jirani.

Mkwezi wangu ni mzee wa miaka sabini kasoro. Aliokota kidaka kimoja, akakibandua kile kikombe cha juu, akanionyesha doa la kahawia lililozama ndani. Akasema, "Hiki kimefyonzwa. Majimoto wako wapi?" Nikamweleza habari ya bomba. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyechinja jogoo kwa sababu anawika alfajiri.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kigoda. Alfajiri kabla ya kazi, na jioni baada ya alasiri, nakaa chini ya ule mchungwa mzee, maana dawa haikufika kule na majimoto walibaki. Mke wangu ameshazoea, majirani bado.

Niwaambie nilichokiona. Kiota cha majimoto si shimo, ni majani mabichi yaliyoshonwa pamoja yakawa kama mpira wa makaratasi. Nilibahatika kuwaona wakianza kimoja kipya. Vibarua wanajipanga ukingoni mwa jani, mmoja ananyoosha mwili kulishika jani la pili. Likiwa mbali, mwenzake anamkamata kiunoni, wa tatu anamkamata wa pili, mpaka panakuwa na mnyororo wa sisimizi hai wanaovuta jani kama wavuvi wanavyovuta juya. Majani yakishakaribiana, wanatoka vibarua wengine kwenye kiota cha zamani, kila mmoja ameshika mtoto mdomoni. Ni buu jeupe, dogo kuliko punje ya mchele. Hapo nilienda ndani kuchukua lenzi ya baba ya kusomea. Kibarua anamgusisha buu kichwa kwenye jani hili, anamvusha, anamgusisha jani lile, anamrudisha, na kila anapogusa unabaki uzi mweupe. Buu ndiye anayetoa hariri. Kwa sisimizi wengi wenye hariri, buu huitumia kujifumia kifuko cha kujigeuzia. Mabuu wa majimoto hawajifumii kitu, hariri yao yote imeenda kwenye nyumba.

Kundi moja lina viota vingi, tena kwenye miti kadhaa, lakini malkia yuko kwenye kiota kimoja tu. Kwa hiyo ukikata kiota kimoja ukachoma ukadhani umewamaliza, umechoma kibanda cha mlinzi.

Jina lao nalo linajieleza. Anang'ata kwanza, halafu anakunja tumbo kuja mbele na kunyunyizia asidi pale pale alipong'ata. Ndiyo maana unaumia mara mbili.

Sasa tushuke chini. Kwenye shina la mnazi wa tatu kuna sisimizi wa kahawia, wadogo, huwaoni mpaka uchuchumae. Wengi ni wa kawaida, ila hapa na pale anapita mmoja mwenye kichwa kikubwa ajabu, kimeingia ndani kwa nyuma kama moyo, anatembea kama mtu aliyejitwisha sufuria. Ni dada yao huyo, askari. Wataalamu wanawaita Pheidole megacephala, na hilo jina la pili maana yake ni kichwa kikubwa tu. Kwangu ndio wanaotoa vumbi la udongo kwenye nyufa za sakafu ya baraza. Kundi lao lina malkia wengi, na shimo hili na lile hawagombani, kwa hiyo wanatandaa shamba zima kama mkeka.

Jioni moja nilimwona jimoto mmoja akishuka shina kutafuta njia. Alipofika usawa wa goti langu, wadogo watatu wakamkamata miguu. Akatupa mmoja. Wakaja watano. Hawakumng'ata sana, walimtandaza tu, kila mmoja anavuta mguu upande wake, mpaka akawa kama ngozi iliyowambwa juani. Ndipo kichwa kikubwa akaja taratibu, hana haraka hata kidogo, akaanza kukata kiunoni. Ilianza baada ya adhana ya magharibi, na isha haijaadhiniwa mwili ulikuwa vipande viwili vinaelekea shimoni.

Ndiyo nikaelewa. Miaka yote nasema "sisimizi wa shambani kwangu" kumbe ni mataifa mawili yenye vita ya zamani, na mimi nilinunua dawa nikaingia vitani bila kuuliza nani yuko upande wangu. Majimoto wakiwa juu, mdudu anayefyonza vidaka hapati nafasi ya kutua. Majimoto wakiondoka, vichwa vikubwa wanashika shina na kuwazuia wasirudi, na hao vichwa vikubwa hawana msaada wa maana juu kwenye upunga, yale maua ya mnazi.

Tena si siri mpya. Jina la kitaalamu la mdudu mwenyewe ni Pseudotheraptus wayi, na hilo "wayi" ni kumbukumbu ya Way, mtafiti Mwingereza aliyekuwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950 akichunguza jambo hili hili: kwa nini minazi yenye majimoto inazaa na ya jirani inapukutisha. Yaani jibu lilikuwa ng'ambo ya maji tu hapo, kabla baba hajaoa.

Swali langu: kuna aliyewahi kuwarudisha? Naomba wenye uzoefu, si wenye dawa ya kuuza.

#2 Kibuyu Kikavu

Mkuu umekaa kwenye kigoda ukiangalia sisimizi wakikatana viuno mpaka isha? Hali ya uchumi kweli imefika huku.

(Ila nimesoma yote.)

#3 Bint Muheza

Kaka Mkinda, mimi sina minazi, nina jiko. Sukari nikiisahau dakika kumi tu, mstari umeshafika. Wanajuaje? Na hao ni watoto wa siafu au ni kabila lao? Nyumbani tunawaita wote chungu.

#4 Mnazi Mkinda

Dada, chungu na sisimizi ni sawa, jina la jumla. Siafu ni wengine kabisa. Hawana makao ya kudumu, wanahama kwa jeshi, na wakipita nyumbani unatoka wewe wabaki wao. Kesho ukirudi hakuna mende wala panya. Sungusungu ni wale weusi wakubwa wanaouma, ndio walioazimwa jina na walinzi wa jadi kule Usukumani miaka ya 1980. Mchwa na kumbikumbi watoe kabisa kwenye orodha. Kwa ukoo mchwa yuko karibu na mende kuliko na sisimizi, ingawa ukimwambia mtu anayekaanga kumbikumbi atakufukuza jikoni.

Sukari sasa. Hawajui wote. Anazurura mmoja, anaikuta kwa bahati, anakunywa au anabeba, na wakati wa kurudi anaburuza tumbo chini akiacha alama ya harufu. Wa pili anaifuata, naye akipata anaongeza yake. Sukari ikiisha anayerudi mikono mitupu haachi kitu, na harufu ya zamani inapotea hewani, mstari unakufa. Hakuna anayeamrisha. Jaribu hivi: pitisha kidole mara moja kukata mstari ukutani. Utawaona pande zote mbili wamesimama, wanapapasa, wanageuka, kama watu waliofika kivukoni pantoni imeharibika. Baada ya muda mmoja anajitosa, na njia inafunguka.

Ndiyo maana dawa ya kupulizia jikoni haikusaidii. Unaua wapita njia. Kila mmoja ana matumbo mawili, moja lake mwenyewe, jingine la ukoo; akikutana na mwenzake anamtemea kinywani, na yule anampa mwingine, hadi kwa mabuu na malkia. Ukitaka kuwapunguza tumia chambo: maji ya sukari yenye asidi ya boriki kidogo sana. Ikizidi anafia njiani kabla hajagawa. Weka mbali na watoto na paka.

#5 Bint Muheza

Kutemeana. Asante, chai nimeiacha.

#6 Korosho Ghafi

Mkuu Mkinda, niko Mtwara. Kwetu majimoto wanajulikana, maana kwenye mikorosho wanamfukuza yule mdudu aitwaye mbu wa mikorosho, na yule mfyonzaji wako wa minazi naye kwetu yupo, anafyonza mabibo na korosho changa. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele hapa wamewashughulikia hao majimoto, si maneno ya vijiweni.

Mambo mawili kutoka shambani. Kwanza usikate viota kwa jirani ukaja kuvitundika kwako ukachanganya na vya mwingine. Kundi na kundi hawasikilizani, utaamka ukute wameuana wao kwa wao. Niliwahi kufanya kosa hilo mwaka wa kwanza, viota sita nilivibeba kwenye mfuko wa sandarusi, mikono imevimba, na ndani ya siku mbili chini kama umemwaga dengu. Chukua vya kundi moja, na bila malkia wake unajisumbua, watadumu kidogo halafu wanaisha.

Pili, kwako huhitaji kubeba. Si una mchungwa wenye kundi hai? Wajengee daraja. Funga kamba kutoka mchungwani kwenda mnazini, wapite juu kwa juu wasikanyage ardhi ya wenye vichwa. Wachina wa kusini walikuwa wakiweka viota vya ndugu zao hawa kwenye michungwa, na kuna maandishi ya kwao ya mwaka 304 yanayotaja kuwa viota vilikuwa vikiuzwa sokoni. Sokoni, mkuu! Wewe ulilipa mtu awaue.

#7 Mnazi Mkinda

Usinikumbushe. Na nauli.

Kamba si shida, huku kwetu katani ipo mpaka ya kufungia mbuzi.

#8 Wa Gilgil

Wadau, salamu kutoka Kenya. Mkiongea kuhusu kuuza sisimizi sokoni, sisi tumeyaona kortini. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walishikwa kwa nyumba ya wageni Naivasha wakiwa na malkia wapatao 5,000 ndani ya vijichupa vyenye pamba. Kuna wengine wawili, Mvietnamu na Mkenya, walishikwa kwa kesi yao na mia kadhaa. Mei wote wanne wakapigwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, ama miezi 12 ndani. Wengi kwa mtaa walicheka, eti siku hizi hata sisimizi ana kesi.

Lakini hebu fikiria ni nani walikuwa wanabeba. Ni wale wakubwa wekundu wanaovuna mbegu za nyasi, Messor cephalotes. Ulaya kuna watu wanawafuga kwa vioo kama samaki. Na wanataka malkia tu, si vibarua. Malkia anaruka mara moja maishani, baada ya mvua, anapandwa na madume huko hewani, anashuka, anang'oa mabawa yake mwenyewe na kujizika. Zile mbegu za kiume za siku moja ndizo anatumia mpaka kufa. Madume wao wanakufa punde tu. Kwa hivyo kila malkia ni kijiji kizima ambacho hakijajengwa. Ukichukua 5,000 umechukua vijiji 5,000 kutoka kwa hiyo nyasi.

Na hao vichwa vikubwa wako, Mkinda, tunawajua pia. Laikipia wameingia kwenye miti ya miiba ile inayopiga mluzi upepo ukivuma. Miti hiyo ilikuwa na sisimizi wake walinzi, wadogo. Ndovu akitia mkonga wanaingia puani. Vichwa vikubwa wakaua walinzi. Ndovu wakaanza kuvunja miti mara tano hadi saba zaidi ya kule ambako hawajafika. Miti ikiisha, simba hana mahali pa kujificha kuvizia punda milia. Watafiti walihesabu mizoga: mwaka 2003 asilimia 67 ya windo la simba lilikuwa punda milia, kufika 2020 ni 42, na nyati wakatoka sufuri hadi 42. Utafiti ulitoka 2024. Sisimizi wa ukubwa wa ufuta amembadilishia simba chakula.

#9 Kibuyu Kikavu

Nimerudi. Nilikuja kucheka, sasa nimekwama.

Swali la kizembe: tuliambiwa tangu madrasa na Jumapili kwamba mvivu akamtazame chungu. Kweli wote wanafanya kazi?

#10 Mnazi Mkinda

Hapo utafurahi. Kule Arizona watafiti waliwatia rangi sisimizi wa maabara mmoja mmoja wakawachunguza kwa kamera. Karibu asilimia 40 walikuwa wamekaa tu sehemu kubwa ya muda. Ila walipowaondoa wachapakazi, baadhi ya wale waliokaa wakainuka kuziba pengo. Ni kama akiba, tuseme. Usimwonyeshe bosi wako.

Na kwa kuwa wote unaowaona wakihangaika ni wa kike, hao waliokaa pia ni wa kike. Dume yeye hata kwenye orodha ya wavivu hayumo. Ana mabawa, ana siku chache, basi.

Kingine kilichonishangaza ni mazishi. Sisimizi akifa, siku ya kwanza wanampita kama jiwe. Baada ya siku mbili mwili unatoa harufu ya mafuta fulani, asidi ya oleiki, ndipo wanambeba kwenda jalalani kwao. Mmarekani mmoja, E. O. Wilson, mwaka 1958 alionyesha harufu hiyo ndiyo cheti cha kifo. Ukimpaka mzima, wanambeba hivyo hivyo huku anapiga mateke, wanamtupa. Anarudi, wanambeba tena, mpaka ajisafishe. Nilijaribu kumpaka mmoja mafuta ya zeituni, nadhani nilizidisha, akafa kweli. Samahani kwake.

#11 Mgema Mdogo

Mnawasifia sana majimoto kwa kuwa hampandi. Mimi napanda. Uko juu, mguu umeshika kata ya kukwea, mkono mmoja una panga, mkono mmoja umekumbatia kole, halafu wanaingia kwapani. Huwezi kukung'uta, ukikung'uta unaanguka. Mimi mnazi wenye majimoto napiga viota kwa fimbo kwanza, ndipo napanda. Mwenye shamba analipa nazi, halipi kwapa.

#12 Mnazi Mkinda

Mdogo wangu, hapo sina jibu, na sitajifanya ninalo. Mzee wangu hujipaka majivu mikononi na miguuni, anasema yanapunguza, hayamalizi. Nadhani mkwezi wa mnazi wenye majimoto alipwe zaidi, hilo tu.

#13 Korosho Ghafi

Mkinda, miezi mitatu kimya. Kamba vipi?

#14 Mnazi Mkinda

Nilikuwa nasubiri niwe na la kusema.

Nilifunga kamba za katani tatu, kutoka mchungwani kwenda mnazi wa pili, wa tatu na wa nne, usawa wa juu ya kichwa ili ng'ombe wa jirani asizikate. Chini kwenye mashina nikapaka grisi mkanda wa kiganja kimoja, vichwa vikubwa wasipande. Wiki nzima hakuna aliyepita. Walifika mwanzo wa kamba, wanaipapasa, wanarudi. Siku ya tisa, baada ya mvua ya usiku, nikakuta mmoja katikati ya kamba ya mnazi wa tatu, amesimama, vipapasio juu. Jioni walikuwa kumi na kitu. Wiki iliyofuata ilikuwa barabara, wengine wanakwenda, wengine wanarudi na mzoga wa nzi wamebebana.

Kamba ya mnazi wa nne ilikatika kwa upepo. Ya mnazi wa pili wanaipita lakini hawajajenga. Sijui wanasubiri nini. Wa tatu una viota vinne, wamekunja yale majani membamba ya kuti na kuyashona ubavu kwa ubavu. Grisi naipaka upya kila baada ya wiki mbili, maana vumbi likishika juu yake vichwa vikubwa wanapata daraja lao.

Vidaka: mwezi wa kwanza mnazi wa tatu ulidondosha 31. Mwezi uliopita 12. Ule wa nne, usio na kamba, 28. Nazi zenyewe bado, kidaka cha leo ni nazi ya mwakani.

Jana mzee alikuja kuangua. Akaufikia mnazi wa tatu, akauangalia kuanzia chini mpaka juu, akaweka kata begani, akapita kwenda wa tano. Nikamwuliza vipi. Akasema bei ya mti ule ni mara mbili, na majivu nitoe mimi.

Nimekubali. Majivu yako jikoni kwenye debe.